Kukimbia Bila Kufukuzwa

Miaka ile ya utawala wa kijeshi, pale Tororo, nchini Uganda, mtu mzima hakukimbia hivi hivi. Ukimwona mtu anakimbia ulijua mambo mawili: kwamba askari wako nyuma yake, na kwamba wewe uliyesimama ukimtazama ndiye utakayekamatwa. Kwa hiyo ulikimbia. Hukuuliza. Maswali yaliulizwa mkishafika mbali, mmelala kifudifudi kwenye shamba la muhogo la mtu msiyemjua, mnahema, ndipo mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Kwani kulikuwa na nini?" Mara nyingi hakuna aliyejua. Siku moja soko zima la Mukuju lilihamia porini kwa sababu mwanamume mmoja alikuwa anamkimbiza jogoo wake.

Sasa mimi, katika nchi ya namna hiyo, nilikuwa mwalimu wa michezo.

Nilikuwa binti wa mjini, wa familia ya Kiislamu iliyoishi kwa usafirishaji tangu zamani za babu. Baba alikuwa na lori. Niseme vizuri: baba alikuwa na mwili wa lori, uliopandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba kwa sababu matairi hayakupatikana popote. Kila asubuhi alilifuta vumbi, akapanda, akashika usukani, akakaa humo akisikiliza redio. Ukimwuliza anafanya nini alisema yuko kazini. Hakuna aliyemcheka, maana nusu ya wanaume wa mji ule walikuwa kazini kwa namna hiyo.

Aliyetulisha ni mama. Mama alifanya magendo. Sina neno la adabu zaidi, na yeye mwenyewe hakulitafuta. Tulikuwa na bunduki za kila aina nchini, lakini sabuni hatukuwa nayo, wala chumvi, na ng'ambo ya mto, upande wa Kenya, vitu hivyo vilikuwa vimepangwa dukani vikipigwa na jua kana kwamba havina thamani. Basi kila Alhamisi mama alivuka mto, akalala kwa dada yake huko, na Ijumaa alirudi na wenzake, mzigo kichwani, kwa miguu, kupitia vilima vya Osukuru. Juu ya mzigo aliweka matembele ili aonekane anatoka shamba. Shamba la mama nilikuwa sijawahi kuliona, lakini matembele yake hayakukauka msimu wowote.

Njia yao ilikuwa njia nzuri kuliko zote pale vilimani. Ilikanyagwa na nyayo nyingi hata ikawa laini kama sakafu iliyosiribwa, na ilijipinda nyuma ya kila kilima ili mtu aliye barabarani asiione. Na ilikuwa na sheria zake. Ukisikia hatari, unatupa mzigo kichakani, unakimbia mikono mitupu. Mzigo wa kichakani hauguswi na mtu mwingine, utaurudia hata baada ya siku mbili. Mama ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa sheria hiyo. Mwenzake mmoja aliwahi kukimbia na chumvi yake kichwani, na mama alimsema wiki nzima mpaka yule mwanamke akalia.

Basi. Katika mwaka mmoja wa hiyo miaka tuliletewa kamanda mpya, meja mnene mwenye sauti ya kuamsha popo, aliyekuwa ametoka safari ya ng'ambo. Siku moja gari lake liliingia uwanjani kwetu bila hodi. Shule nzima ilitorokea madirishani, upande wa pili. Tuliobaki ni mwalimu mkuu, ambaye magoti yake hayakuwa mazuri, na mimi, niliyekuwa chooni.

"Wewe ndiye mwalimu ya mbio?" meja aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

Nikasema ndimi.

"Mimi naona kule kwa wazungu, watu nakimbia mlima. Mwanamume, mwanamke, mzee na ndevu yake. Nakimbia tu! Hakuna mtu nafukuza wao!"

"Hakuna kabisa, Afande?" mwalimu mkuu aliuliza, na nadhani aliuliza kwa dhati, kama mtu anayeulizia habari za peponi.

"Hakuna! Nakimbia, nafika, nakunywa maji, nacheka. Mimi nataka hiyo hapa. Mlima sisi iko nayo."

Mlima tulikuwa nao kweli. Mwamba wa Tororo umesimama katikati ya mji, vilima vya Osukuru viko kusini yake, na siku ya mbingu safi mlima wa Masaba unaonekana wote upande wa kaskazini. Meja akaniagiza nitengeneze njia tatu. Ya kwanza fupi, kuuzunguka Mwamba na kurudi. Ya pili ya wastani, mpaka chini ya vilima. Ya tatu ndefu, juu ya vilima vyote mpaka karibu na mto wa mpakani, kisha kurudi uwanjani kwetu. Majina alikuwa nayo tayari: ya fupi aliita Njia ya Raia, ya pili Njia ya Polisi, ya tatu Njia ya Jeshi, kwa kuwa alivyoona yeye, raia ndiye anayechoka kwanza. Zawadi zingekuwa mche mmoja wa sabuni kwa kila mshindi. Aliposema sabuni, mwalimu mkuu alimeza mate.

Na katika kila kona ya kila njia, alisema, ataweka askari mwenye bendera.

Hapo ndipo nilipoliona tatizo. Kwa sababu toka uwanjani mpaka karibu na mto kulikuwa na njia moja tu ambayo mtu mwenye akili angeweza kuikimbia, nayo ni ya mama. Nikiichagua, nitakuwa nimewaongoza askari kwa filimbi na bendera mpaka mahali mama yangu anapopita kila wiki. Na mtu wa magendo siku hizo akikamatwa na mzigo hakuona hakimu. Jirani yetu mmoja alikamatwa na gunia la kahawa. Tulirudishiwa baiskeli yake, basi.

Nilimweleza mama jikoni. Nilidhani atashika kichwa. Akafurahi.

"Wapitishe kwa nyuki," alisema.

"Nyuki gani?"

"Iko pango pale juu ya machimbo, nyuki yake mbaya sana. Halafu wateremshe kwa bwawa. Halafu kuna miiba fulani, mimi nitakuonyesha."

Jioni ile tulichora chini kwa kijiti, mimi na mama, na baba alichungulia kutoka ndani ya lori akachangia jabali moja lenye nyoka. Hatujawahi kucheka vile tangu matairi yaishe. Nikapata Njia ya Jeshi iliyopita upande wa pili wa kila kilima, mbali na njia ya mama, na sidhani kama duniani imewahi kutengenezwa njia ya mbio mbaya kuliko ile. Nilijivunia. Nilikuwa mwalimu wa michezo kwa vyeti na nilijua vizuri jinsi njia njema inavyotakiwa kuwa, kwa hiyo nilijua pia jinsi ya kuikosesha kila kitu.

Kuzipima njia hizo kulikuwa balaa jingine. Nilianza na ile fupi ya kuzunguka Mwamba, na kama mjinga nikaamua kuikimbia, saa mkononi, filimbi shingoni. Sikufika mbali. Wanawake waliokuwa wanamenya muhogo mbele ya nyumba yao waliniona nikija, wakainuka bila neno, wakaanza kukimbia mbele yangu na visu vyao. Nikapaza sauti, "Hapana, hapana, ni mimi tu!" jambo ambalo mtu yeyote anayefukuzwa angesema. Wakaongeza mwendo. Tulipopita penye wachoma mkaa, wachoma mkaa wakajiunga. Mzee mmoja wa Kiteso, aliyekuwa ananyolewa nje ya kibanda, alijiunga na povu kichwani, upande mmoja umeshanyolewa, na kinyozi wake akamfuata na wembe. Tuliuzunguka Mwamba mzima hivyo. Nilipowafikia hatimaye, mzee aliniuliza huku akihema, "Wako wangapi?"

"Nani?"

"Hao nakufukuza wewe."

"Hakuna mtu, mzee. Ninapima njia ya mashindano."

Akamwambia kinyozi wake kwa Kiteso maneno ambayo sikuyaelewa, lakini wote walinitazama kwa huruma. Tangu siku hiyo nilipima kwa kutembea, jembe begani.

Ikabaki kuweka alama. Chokaa ilikuwa imeadimika. Nikapendekeza majivu, maana jiko lisilo na majivu halipo. Meja akaruka kutoka kitini.

"Majivu kwa njia? Mimi nakanyaga majivu ya mtu? Wewe nataka kuniroga?"

Basi tukaambiwa tuweke alama kwa unga. Unga mweupe wa muhogo, uliokusanywa na mwalimu mkuu nyumba kwa nyumba, watu wakitoa huku wanalia. Mishale mikubwa ya unga, mizuri, ardhini, kilima baada ya kilima. Kama kuna mtu anayesoma hapa ambaye amewahi kufuga mbuzi, ameshajua habari inakoelekea. Mimi nilikuwa mtu wa mjini. Baba yangu alifuga lori.

Mashindano yalipangwa Jumamosi. Mama alilipanga hilo kichwani: Alhamisi avuke, Ijumaa arudi kama kawaida, Jumamosi akae nyumbani na miguu juu ya kigoda wakati jeshi likiumwa na nyuki. Alhamisi asubuhi akaondoka. Mimi na wanafunzi tukashinda vilimani tukimwaga unga.

Jioni tuliporudi, gari la meja lilikuwa uwanjani.

"Jumamosi mimi naitwa Kampala," alisema. "Mbio ni kesho."

Kesho. Ijumaa. Niliitikia "Ndiyo, Afande". Nikaenda nyumbani moja kwa moja kumwambia baba, na baba alishuka kutoka kwenye lori, jambo lililonitisha zaidi, kwa sababu hakuwa na kawaida ya kushuka kabla ya taarifa ya habari. Akavaa viatu. Akasema ataenda mtoni kumzuia. Akafika mwisho wa mtaa akarudishwa: barabara ya mpakani ilikuwa imefungwa na askari kwa ajili ya mashindano, na wakamwuliza mzee mzima kama yeye anaenda mpakani jioni kutafuta nini. Akawaambia anatafuta tairi. Wakamrudisha huku wanacheka.

Nilijifariji. Njia yangu iko upande wa pili wa vilima. Askari wenye bendera watakuwa upande huo. Mama atapita upande wake, kimya, kama Ijumaa nyingine yoyote, na hakuna atakayemwona. Nilijirudia maneno hayo usiku na asubuhi yake, na niliogopa vilevile.

Asubuhi uwanja ulijaa. Watu walikuwa wameitwa kwa amri waje kufurahi. Meja aliketi chini ya turubai na darubini shingoni, mimi na mwalimu mkuu tukasimama pembeni yake tayari kueleza mchezo. Nilipuliza filimbi ya Njia ya Raia, na raia wakaondoka wakitembea kwa heshima, kila mmoja akigeuka nyuma kuhakikisha hafukuzwi. Mshindi alikuwa karani wa posta aliyekosea akakimbia. Kwenye Njia ya Polisi, polisi walikwenda mpaka kwenye duka la kwanza. Kisha Njia ya Jeshi: askari thelathini hivi, wengine na fulana, wengine na buti, na askari magereza wachache waliolazimishwa. Wakaondoka kwa kishindo, wakipiga makelele, wakapotea nyuma ya machimbo.

Meja akainua darubini. Muda ukapita. Kutoka pale uwanjani miteremko ya vilima ilionekana vizuri, na mimi macho yangu yalikuwa yamekazwa kwenye mteremko wa kulia, ambako njia yangu ilitakiwa kuwatoa.

"Mwalimu," meja akasema, "kwa nini wao iko upande wa kushoto?"

Nikamwomba darubini. Nikatazama upande wa kulia kwanza. Niliona askari wetu wa bendera amesimama peke yake, ameshika bendera yake, amezungukwa na mbuzi. Mbuzi wengi, wote wameinamisha vichwa, wanalamba ardhi kwa utulivu kama watu walioalikwa. Mshale wangu mmoja ulibaki nusu, na beberu mmoja alikuwa anaumalizia.

Wakimbiaji walifika huko juu, wakakosa alama, wakafanya kile ambacho miguu ya mtu yeyote ingefanya: wakaifuata njia iliyo safi. Ya mama. Walikuwa wameingia karibu na mto, na sasa walikuwa wanarudi wakielekea kwetu kwa mwendo mzuri, kwa kuwa njia ilikuwa nzuri.

Nikasogeza darubini mbele yao kidogo. Niliona wanawake. Nilimwona mmoja anageuka, anaona wanaume thelathini wenye suruali za kijani wanamjia, anatupa mzigo kichakani, anatimka mikono mitupu. Wa pili akatupa. Wa tatu akatupa. Ilikuwa kazi safi, ya watu wanaojua. Na mbele yao wote, peke yake, matembele yakirukaruka kichwani, nilimwona mama yangu mzazi anakimbia na mzigo.

Tupa, nilisema moyoni. Tupa, mama. Sheria ni yako mwenyewe!

Hakutupa.

"Watu nakuwa wengi!" meja akapiga kelele za furaha. Kweli walikuwa wengi. Mashamba yote ya kando ya mteremko yalikuwa yameona askari wanakimbia na yakafanya kama ilivyozoeleka. Walitoka wapalilia mtama na majembe yao, akatoka mwanamume na mlango mabegani, sijui aliutoa wapi, wakatoka maharusi wawili ambao sherehe yao ilikuwa haijaisha, na wote wakamwagika kwenye njia mbele ya askari, wakakimbia. Askari nao, walipoona watu wengi wanakimbia kwa bidii hivyo, wakaingiwa na hofu, maana wao pia walikulia nchi hiyo hiyo. Wakaanza kukimbia kweli. "Tazama!" meja akashangilia. "Mimi nasema nini? Watu yangu napenda mbio!"

Mwalimu mkuu alipiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu mahali mama anapoweza kukata kona, pale penye mfereji, pale penye ukuta wa shule, ajifiche. Akaupita mfereji. Akaupita ukuta. Akaingia uwanjani, mbele ya watu wote, mbele ya jeshi lote, mwanamke wa makamo mwenye kanga iliyolowa, na mzigo umenyooka kichwani bila kushikwa. Hakuiendea kamba ya mwisho. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akanishika mkono kwa nguvu hata kucha zikaniingia, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikadhani anataka kunichapa.

"Huyu nani?" meja akauliza.

Ulimi wangu uliamua kabla yangu. "Ni wa kundi la akina mama na mizigo, Afande."

"Kundi gani? Mimi naweka njia tatu."

"Ya nne, Afande. Tuliiongeza kwa heshima yako. Akina mama wa hapa kila siku wanabeba, tukaona wakimbie hivyo hivyo."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, alikubali kwa kichwa kwa nguvu hata kofia ikaanguka. Nitamheshimu kwa hilo maisha yangu yote.

Hapo askari wa kwanza akaingia, buti moja mkononi. Meja akamtazama. Akamtazama mama. Jeshi lilikuwa limeshindwa na mwanamke mwenye matembele, na hakuna aliyejua hilo linahesabiwa vipi.

"Mama," alisema, "wewe nashinda askari yangu na mzigo kichwani. Lete, mimi nabeba. Mimi nataka kujua ni kilo ngapi."

Hakungoja. Aliuinua mzigo kwa mikono yake miwili, matembele yakadondoka, na harufu ikatoka. Ilikuwa sabuni ya kunukia, ya waridi, imepata joto la jua na kichwa cha mama njia nzima. Nyie hamjui harufu ile ilivyokuwa. Kambini walifua kwa majani ya mpapai, sote tulifua kwa majani ya mpapai, na kwa miezi hakuna mtu pale uwanjani aliyekuwa amenusa kitu kama hicho. Watu wa mstari wa mbele walifumba macho. Meja aliuweka uso wake karibu na kitambaa. Nilihisi mkojo unanitoka, na nasema ukweli.

"Mama. Mzigo yako nanukia."

"Ni jasho, Afande," mama akasema. "Mimi naoga."

Meja akanusa tena. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, halafu mabega, na kicheko kikatoka kama gari linalokataa kuwaka halafu linawaka. Jeshi likacheka kwa sababu yeye anacheka. Raia wakacheka kwa sababu jeshi linacheka. Maharusi walicheka huku wanalia. Mama hakucheka, alikuwa bado amenishika mkono.

Meja alimpa mama zawadi yake, mche mmoja wa sabuni ya kawaida, na mama akaupokea kwa mikono miwili, amepiga goti. Kisha akaamuru kwamba mzigo wa mshindi usibebwe tena, upelekwe nyumbani kwa gari la jeshi, kwa heshima zote. Ulifika kabla yetu. Ulikuwa umepungua nusu. Wiki iliyofuata kambi nzima ilinukia waridi, na askari walipopita mjini usiku ulijua wanakuja hata kabla ya kusikia buti, jambo lililowasaidia watu wengi.

Lakini jioni ile nyumbani sikuwa na moyo wa kucheka. Mama aliketi kitandani, miguu yake nimeipakata, namtoa miiba kwa sindano. Nyayo zilikuwa zimechanika. Hofu yangu ilikuwa imegeuka hasira, na nikamwaga yote. Nilimwambia ana tamaa. Nilimwambia wenzake wote walitupa, kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kutupa, kwamba angepigwa risasi mgongoni kwa ajili ya sabuni. Baba alikuwa amesimama mlangoni na hakumtetea.

Mama aliniacha nimalize.

"Mbio ilikuwa Jumamosi," alisema.

"Walibadilisha."

"Mimi nani aliniambia? Mimi naona askari anakimbia Ijumaa, wengi, wanapiga kelele, wanaelekea mjini. Upande ule kuna nini? Kuna shule yako. Nikasema, basi, wamegundua njia ya mwalimu ni ya uongo, wanaenda kumchukua mtoto yangu."

Nilishika sindano hewani.

"Sasa wewe unataka nitupe mzigo," akasema mama. "Askari hatoi mtu bure. Ningefika pale mikono mitupu, ningekukomboa na nini?"

Baba aligeuka akatoka nje. Mimi niliinamia mguu wa mama, nikaendelea kutafuta miiba, ingawa sikuwa naiona tena.